Pima kwanza, nunua baadaye: tuliyojifunza kwenye kulitengeneza gari tusilotaka kuliuza

Kinachommaliza mwenye gari ni spea ambazo gari halikuzihitaji. Chukua risiti za gari lolote lililozoea gereji, zipange kwa tarehe, utaona mtiririko uleule: plagi, kisha koili inayoipa plagi umeme, kisha sensa ya oksijeni, kisha pampu ya mafuta, na mwisho kabisa kipande cha mpira wa hewa kilichopasuka nyuma ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), urefu wake kama kidole. Ugonjwa ulikuwa huo mpira. Vingine vyote vilikuwa bahati nasibu, na tiketi zake zililipiwa na mwenye gari.

Anayelipenda gari lake huumia zaidi kwenye mchezo huu, kwa sababu hana pa kusema basi. Gari la kawaida likisumbua mara tatu huuzwa. Hili halitauzwa, fundi anajua halitauzwa, na kila jaribio jipya linapata fedha. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo. Havipendezi kama spea mpya inayong'aa kwenye boksi lake, lakini ndivyo vinavyosema ukweli.

Tuanze na taa ya injini, maana hapo ndipo ubahatishaji unapovaa koti la sayansi. Fundi anachomeka kifaa kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, kifaa kinatoa msimbo P0171, na dakika hiyohiyo inaandikwa sensa ya oksijeni. P0171 inasema jambo moja tu: upande wa kwanza wa injini unapata hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli inayoingia. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi imesema kweli. Ukiibadilisha umemfukuza mjumbe. Hewa ya ziada inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi, sensa ya kupima hewa inaweza kuwa imeshika vumbi na mafuta, au pampu ya petroli imechoka.

Kuzitenganisha sababu hizi hakuhitaji kununua chochote. Kifaa hichohicho kilichosoma msimbo kina ukurasa wa data hai, na humo kuna marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Injini nzima hucheza karibu na sifuri, na ndani ya 10 juu au chini si habari ya kutisha. Acha injini iungurume taratibu, soma. Kisha pandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, soma tena. Ikiwa taratibu inaonyesha 20 na kitu na ukikanyaga mafuta inashuka kuelekea sifuri, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa: tundu ni lilelile, ila kwa injini inayovuta hewa nyingi linakuwa dogo kwa uwiano. Ikiwa namba inazidi kupanda kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, angalia upande wa petroli au hiyo sensa ya hewa. Dakika tano. Fundi asiyejua ukurasa huo uko wapi ana kifaa cha kufutia taa tu.

Vivyo hivyo P0301. Namba ya mwisho inasema silinda ya kwanza inamisi, haisemi kwa nini. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, washa, subiri. Msimbo ukigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Usipohama, hamisha plagi. Nayo isipohamisha ugonjwa, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujanunua injekta: injini nyingi za petroli hutoa kati ya baa 10 na 14, na zaidi ya namba yenyewe tazama tofauti. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya baa moja, tatizo liko ndani na koili haitaliponya.

Sasa kuchemsha. Hapa ndipo magari mengi ya mapenzi hufia, na hapa ndipo hasara ndogo hugeuka kubwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kwenda lina tatizo la feni: fyuzi, relei, sensa ya joto, au mota yenyewe. Gari linalokaa vizuri kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani lina tatizo la maji kuzunguka: rejeta limeziba, themostati (mlango wa maji unaofunguliwa na joto) haifunguki vizuri, au mapanga ya wota pampu yameliwa na kutu. Swali hili moja, linachemsha wapi, huondoa nusu ya washukiwa, na linashangaza kwa namna linavyosahaulika.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, kitu kidogo kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote. Juu yake kuna namba, 0.9 au 1.1, ambayo ni shinikizo kinalopaswa kushikilia. Kifuniko cha 1.1 kikiwa kizima, hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukikakamaa shinikizo linatoroka, na maji hayohayo yanachemka kwenye nyuzi 100, wakati injini bado iko kwenye joto lake la kazi. Mwenye gari anaona maji yanamwagika kwenye kitangi cha akiba, anaambiwa ni gasketi ya silinda hedi. Badilisha kifuniko kwanza, na hakikisha namba ni ileile. Kuweka chenye shinikizo kubwa zaidi ili kuongeza nguvu ni njia ya uhakika ya kupasua rejeta kuukuu.

Themostati hupimwa kwenye sufuria. Itundike kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Namba iliyopigwa mhuri juu yake, mara nyingi 82 au 88, ni joto la kuanza kufunguka, na ikipita hapo kwa nyuzi 12 hivi inatakiwa iwe imefunguka waziwazi, milimita 8 au zaidi kwa nyingi. Isipofanya hivyo, mpya. Tafadhali isitupwe tu na nafasi kuachwa wazi, kama mafundi wengi wanavyopenda. Injini isiyo na themostati hukaa baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewaka, na matumizi yanapanda. Kibaya zaidi, kwenye injini ambazo themostati yenyewe ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa, sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umetoa themostati gari lisichemshe, na sasa linachemsha kwa sababu hiyo.

Vitu hivi vikiwa sawa na maji bado yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, ndipo tunaitaja gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na bloku la chini. Hata hapo kuna vipimo. Kuna dawa ya rangi ya bluu inayowekwa kwenye bomba la kioo juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako kutoka ndani ya silinda ikipita humo, dawa inageuka njano. Kuna pampu ya mkono ya kujaza shinikizo kwenye mfumo injini ikiwa imezimwa: ipandishe hadi namba ya kifuniko, iache robo saa. Mshale ukishuka na chini ni pakavu, toa plagi, chungulia kila silinda kwa tochi. Ile inayoingiza maji mara nyingi ina kichwa cha pistoni kilichooshwa kikawa safi, wakati wenzake wamevaa masizi meusi. Ukishaona pistoni hiyo moja inang'aa, huhitaji kuambiwa na mtu.

Kosa linalofuata ni la hesabu. Mwenye gari anaambiwa bei ya gasketi na kazi, anakubali, hedi inafunguliwa, halafu orodha inaanza kuota miguu. Orodha ya kweli ijulikane kabla ya spana ya kwanza: seti nzima ya gasketi za juu, boliti za hedi kama ni za aina inayovutika, themostati, kifuniko, mipira ya juu na ya chini ya rejeta, kulanti (maji ya rejeta yenye dawa), oili na filta yake kwa kuwa maji huenda yameingia, kazi ya mashine ya kusawazisha hedi, na mkanda wa taimingi kama injini inatumia mkanda. Ukiona jumla hiyo haibebeki, ni heri kujua hedi ikiwa bado imefungwa.

Hedi ikishuka inawekewa rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa diagonali zote mbili, na kipimo chembamba kinapitishwa chini yake. Kwa injini nyingi ndogo, kinachozidi milimita 0.05 kimepinda kupita kiasi. Hiyo ni chini ya unene wa nywele nyingi za kichwani, kwa hiyo jicho halisemi kitu hapa, na fundi anayetazama kwa jicho moja kama anachagua ubao anakuigizia. Bloku nayo ipimwe hivyohivyo. Hedi iliyopinda ikifungwa na gasketi mpya itadumu kwa wiki kadhaa, na hapo unalipa kila kitu upya isipokuwa somo.

Mambo matatu yanaua kazi hii hata kama spea zote ni halisi. La kwanza ni kusafisha uso wa bloku kwa diski ya msasa inayozungushwa na mashine. Inapendeza, inakwenda haraka, na inatapanya chembe ngumu zinazoingia kwenye oili na kuzila beringi za krankshafti. Kikwangua cha mkono na subira vinatosha. La pili ni matundu ya boliti kuachwa na maji au oili chini yake. Boliti ikishuka inakigandamiza kile kimiminika ambacho hakina pa kwenda. Ama kipimo cha kukaza kinadanganya, ama bloku linapasuka. Pulizia upepo kila tundu mpaka litoke kavu. La tatu ni kukaza kwa nguvu za mkono. Boliti zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kipimo, na kwenye injini nyingi hatua za mwisho huhesabiwa kwa digrii: robo mzunguko, kisha robo nyingine. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti, ikitazama upande mmoja. Ukimaliza, alama zote zitazame upande mmoja mpya. Iliyobaki nyuma inajionyesha yenyewe.

Mwisho toa hewa. Pua ya gari iwe juu kidogo, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye joto kali, injini ikiunguruma mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiongeza kulanti mapovu yanapopungua. Hedi ngapi zimepinda mara ya pili kwa sababu ya hewa iliyobaki, hatujui kuhesabu.

Umeme una tabia tofauti: hauvunji kitu, unamaliza uvumilivu. Betri inalala, asubuhi gari haliwaki, inanunuliwa betri mpya, nayo baada ya siku tatu inalala. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, hapo alteneta haina kosa la kutojaza. Kinachobaki ni kitu kinachokunywa usiku. Weka kipima ampea kati ya waya hasi na nguzo ya betri, kwenye tundu la ampea 10, milango ikiwa imefungwa, au kitasa chake kimebanwa kwa bisibisi ili gari lidhani kimefungwa. Subiri dakika 40 kompyuta zote zilale. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasoma dakika ya pili, wanaona ampea kadhaa, wanaanza kukata waya. Baada ya kulala, gari zima linywe chini ya miliampea 50. Likinywa 500, betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kwa siku mbili na nusu, na nusu hiyo inaweza isitoshe kusukuma stata. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ianguke. Tukiulizwa tuanzie wapi tutasema kengele ya wizi na redio zilizofungwa baadaye, kisha taa ya buti, kisha diodi za alteneta, na hizo diodi usizitafute kwenye fyuzi ndogo.

Kwenye miguu ya gari makosa ni machache lakini yanajirudia mno. Bushi mpya zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, miguu ikining'inia, mpira unafungwa ukiwa umejikunja. Gari likishuka chini unabaki umesokotwa siku zote, na baada ya miezi michache umechanika. Boliti hizo hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Mwenye gari huambiwa spea zilikuwa feki, na fundi mwenyewe huamini hivyo. Beringi za gurudumu zenye sumaku ya breki za ABS (zinazozuia gurudumu kuganda) zina upande: ule wenye pete nyeusi utazame sensa. Ukigeuzwa, gurudumu linazunguka vizuri kabisa na taa ya ABS haizimiki, na anayefuata atauziwa sensa. Shokapu zibadilishwe mbilimbili kwa ekseli, na baada ya kugusa tairodi au boljointi magurudumu yapimwe mwelekeo, vinginevyo matairi yatalipa. Breki ni nyepesi kueleza: pedi ikibaki milimita 3 imekwisha, unene wa chini wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili kwa kuwa hunyonya maji kutoka hewani hata kama gari halitembei.

Kununua spea ni kazi ya namba. Jina la gari na mwaka havitoshi; gari lilelile, mwaka uleule, linaweza kuwa na pampu mbili tofauti kulingana na mwezi lilipotoka kiwandani. Nenda na namba ya chesisi, msimbo wa injini, na ikiwezekana spea ya zamani mkononi. Spea hizo mbili, ya zamani na mpya, zilale kaunta bega kwa bega: hesabu meno, linganisha kipenyo, tazama soketi ya waya ina pini ngapi, inua zote mbili uone uzito. Spea ya kuchomoa kwenye gari jingine si aibu, na kwa gari la zamani mara nyingi inashinda mpya ya bei rahisi, ilimradi iwe kitu kigumu kisichochakaa kwa muda: nako (chuma kinachoshika gurudumu), shafti, manifoldi, kioo. Chenye mpira, sili au msuguano, hapana. Giaboksi ya kuchomoa iko katikati, na tunaichukua tu tukiiona oili yake kabla haijamwagwa.

Kazi zinazoshirikiana ufundi zifanywe pamoja. Giaboksi ikishushwa kwa ajili ya klachi, badilisha diski, presha pleti na beringi ya kuachia kwa mkupuo, na sili ya nyuma ya krankshafti ikiwa wazi mbele yako usiiache. Mkanda wa taimingi utoke na wota pampu inayoendeshwa nao, tenshena na roli zake. Sili ya bei ndogo ikivuja mwezi ujao, kuifikia ni kushusha giaboksi upya.

Gari kuukuu lina gharama nyingine isiyoandikwa popote: boliti zilizoshikwa na kutu. Kazi ya saa moja kwenye gari jipya inaweza kula siku mbili hapa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla, tena asubuhi, gonga kichwa cha boliti kwa nyundo kabla ya kuweka spana, na tumia soketi ya pembe sita. Ikianza kusokotwa kama mpira, rudisha nyuma, pulizia, subiri. Boliti iliyokatika ndani ya aluminiamu inaweza kugharimu kuliko ile spea iliyokuwa inafungwa.

Na fundi? Mwambie gari linafanya nini, lini, likiwa baridi au moto, na uache jina la spea nje ya mazungumzo. Ukisema badilisha plagi, atabadilisha, na tatizo likibaki ni lako. Lipia upimaji kama kazi kamili inayojitegemea. Anayepima bure atalipwa kwenye spea. Kubalianeni kwamba kabla ya kuongeza chochote anapiga simu, na kwamba spea zote za zamani zinarudi kwako kwenye boksi, hata zile zilizopasuka. Gari lisifunguliwe kabla spea hazijafika, isipokuwa pale ambapo kufungua ndiko kupima kwenyewe. Gari lililofunguliwa likakaa wiki sita linapoteza boliti, betri, diski za breki na, kwa bahati mbaya, kumbukumbu za aliyelifungua. Boliti za kila sehemu zikae kwenye kopo lake lenye maandishi, na picha zipigwe kabla ya kila waya kuchomolewa.

Kitu kimoja tu tunakubali kwamba kinaweza kutushinda: kutu ya mwili kwenye sehemu zinazobeba. Gusa kwa bisibisi pale shokapu inaposhikwa, na kwenye chesisi karibu na miguu ya nyuma. Ikizama, puti na rangi vitaficha tu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa; chuma kilichogeuka unga kinahitaji kukatwa na kuchomelewa na mtu anayeijua kazi hiyo, na bei yake ipatikane kabla hujatumia hata senti kwenye injini.

Gari likitoka, andika kilometa zake na vilivyobadilishwa, siku hiyohiyo. Kwa wiki ya kwanza fungua boneti kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, utazame mstari wa kulanti kwenye kitangi na utandike kipande cha boksi chini kuona kinachodondoka. Baada ya kilometa 50 kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kipimo. Kwa magari mengi madogo ni karibu nyutoni mita 100.